Kabla Hujatuletea Mfumo, Uliza Mtoto Ana Simu Gani

Hebu leo tuongee ukweli kuhusu masomo ya mtandaoni. Kila wiki naona mtu ameweka orodha: programu 20 za mwalimu wa kisasa, mbinu 15 za kusimamia mradi wa elimu. Sikatai, nyingine ni nzuri sana. Shida ni kwamba zinaanza na mwalimu mwenye laptopu na waifai ya ofisi. Mwanafunzi anakumbukwa mwisho, kama mgeni aliyefika bila kualikwa. Mimi nasema tuanze na mtoto mwenye simu mbaya kuliko wote darasani. Ukimfikia huyo, wengine wote umeshawafikia.

Nina sababu ya kushikilia hili. Shule zilipofungwa Machi 2020, binamu yangu alikuwa darasa la saba huko Vihiga. Vipindi vya KICD vilikuwepo redioni na kwenye runinga, na masomo yalikuwepo mtandaoni. Lakini pale nyumbani simu ilikuwa moja, mulika mwizi ya nyanya, na redio ilikuwa ikisubiri pesa za betri. Darasa lake lilirudi Januari 2021. Alirudi na daftari lilelile, ukurasa uleule. Hakuna aliyemnyima masomo kwa makusudi, ni vile tu hakuna aliyeuliza ana nini mkononi.

Sasa mimi na marafiki wanne tunafundisha hisabati na sayansi vijana wa sekondari kila likizo, bure, kwenye ukumbi wa kanisa. Juzi kuna shirika lilitaka kutusaidia. Pesa zilikuwa nzuri bana, lakini kwa sharti moja: nyingi ziende kwa mfumo fulani wa kulipia kila mwaka, tena unaohitaji intaneti kila dakika. Nikauliza, bando ya watoto atalipa nani? Nikaambiwa hilo ni la wazazi. Tukapiga kura, tukakataa.

Mwalimu mstaafu anayetulea alikasirika sana. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umefukuza pesa za watoto wa wenyewe." Nikamjibu, "Mwalimu, shikamoo yako naiheshimu, lakini zile pesa hazikuwa za watoto." Mpaka leo hatujaongea vizuri, na inaniuma. Lakini msimamo wangu haujabadilika. Wacha niwaambie tunatumia nini badala yake.

Kwanza ni Kolibri. Imetengenezwa na Learning Equality kwa sehemu ambazo intaneti ni ya shida. Unaiweka kwenye laptopu moja, unapakua masomo mara moja ukiwa mahali penye waifai, halafu laptopu hiyo inakuwa seva. Watoto wanaunganisha simu na tableti kupitia ruta ndogo, wanasoma bila kutumia hata shilingi moja ya bando. Ndani utapata masomo ya Khan Academy, majaribio ya sayansi ya PhET, na hadithi za African Storybook, zikiwemo za Kiswahili. Mwalimu anaona nani amemaliza zoezi na nani amekwama swali la ngapi. Na ni ya bure.

Pili ni Kenya Education Cloud ya KICD. Hiyo naanzia hapo nikitaka kuhakikisha kwamba ninachofundisha kinaendana na mtaala wetu, manake video ya Marekani inaweza kueleza vizuri kabisa jambo ambalo mtoto wako hataulizwa kwenye mtihani.

Tatu, Moodle. Hii ni programu huria, ilitoka 2002, na vyuo vikuu vingi hapa Kenya vinaitumia. Programu yake ya simu inaruhusu mwanafunzi kupakua somo na kulisoma baadaye. Lakini sikiza: programu ni bure, seva si bure, na mtu wa kuitunza pia anakula. Kama mradi wenu ni wa watu watano na wanafunzi 30, huo mzigo hamuuhitaji bado.

Nne ni WhatsApp, ambayo watu wanaidharau. Picha ya ubao na sauti ya dakika tatu zinatosha kueleza kipeuo cha pili. Piga hesabu kabla ya kutuma video: MB 100 kwa watoto 30 ni GB 3 zinazotoka mifukoni mwa wazazi. Ikibidi kutuma, ipunguze kwanza kwa HandBrake, nayo ni ya bure. Na wale wa mulika mwizi? Swali moja kwa SMS kila jioni, jibu linaletwa Jumamosi kwenye karatasi.

Kusimamia kazi yenyewe, tulijaribu Trello, ni safi, lakini wawili kati yetu hawakuwa wanaifungua. Tukarudi kwa jedwali moja la Google Sheets lenye safu nne: kazi gani, ya nani, lini, na mtoto gani hakufikiwa. Hiyo safu ya nne ndiyo mradi wote. Ikikaa tupu wiki tatu mfululizo, mimi nashuku kuna mtu hajaijaza. Na mkichukua kazi ya mtu mwingine mtandaoni, someni leseni yake. Creative Commons si moja, kuna inayokuruhusu kubadilisha na kuna inayokukataza.

Wenye pesa za kusaidia elimu, tunawahitaji, wala sitajifanya hatuwahitaji. Ruta, betri ya sola, laptopu ya pili, nauli ya mwalimu: hivyo vitu havipendezi kwenye picha, lakini ndivyo vinafundisha. Na wewe kijana unayetaka kuanzisha darasa kwenu, wiki ya kwanza usifungue laptopu. Chukua daftari, pita nyumba kwa nyumba, uliza maswali matatu: kuna simu gani, ni ya nani, na mtoto anaipata saa ngapi? Ukishajaza hiyo kurasa, programu ya kutumia itajichagua yenyewe.