Gari bila dereva: kompyuta ya mama mdogo pale Tukuyu

Najua nimeadimika hapa kibarazani. Kazi ya gazeti mnaijua, mhariri akishakushika hakuachii mpaka ukurasa ufungwe. Leo sina habari ya bungeni wala ya bei ya viazi. Nina kisa changu mwenyewe, na kinaniaibisha kidogo. Nakiandika kwa sababu tangu Oktoba 2025 watu wananiuliza swali lilelile: "Bwana mwandishi, hii kompyuta yangu ya zamani niibadilishie Windows au niiache?" Kabla sijajibu, nisikilizeni.

Mama yangu mdogo ana kibanda cha steshenari pale Tukuyu, hatua chache kutoka stendi. Ana kompyuta moja ya mezani aliyoinunua mtumba, na printa moja ya leza, mtumba vilevile. Hapo ndipo walimu wanachapisha mitihani ya majaribio, kwaya zinachapisha ratiba, wakulima wa chai wa Katumba wanachapisha mihtasari ya vikao vyao, na vijana waliomaliza kidato cha sita wanajaza maombi ya chuo na ya mkopo. Mimi mwenyewe fomu yangu ya mkopo ilitoka kwenye printa hiyohiyo mwaka 2018. Mama mdogo hakunitoza hata shilingi. Alisema nitamlipa nikishakuwa mtu.

Basi Julai 2024 nikapata likizo ya siku chache, nikapanda Costa pale Mbeya mjini, Uyole, Isyonje, Kiwira, mpaka Tukuyu. Julai kule mnajua wenyewe, ukungu umeufunika mlima Rungwe tangu asubuhi na baridi inakula mifupa. Nimefika tu, chai haijapoa, mama mdogo ananiambia: "Mwanangu, wewe si msomi? Hebu niangalizie hii mashine. Kurasa za maombi hazifunguki. Wateja wanahamia kwingine."

Nikaangalia. Windows 7. Hapo nikajua tatizo. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na mwanzoni mwa 2023 kivinjari cha Chrome nacho kikaacha kutoa matoleo mapya kwa ajili yake. Kurasa za sasa zinataka kivinjari cha sasa. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa: "Mama mdogo, hii ni kazi ya saa mbili. Nakuwekea Windows 10."

Nikahamisha mafaili yake yote kwenye flashi: barua, mitihani, picha. Hapo nilikuwa makini. Kisha nikafuta diski yote na kuweka Windows 10 ya biti 64, kwa sababu niliamini 64 lazima iwe bora kuliko 32. Saa mbili usiku ikawaka, inang'aa. Mama mdogo akanipigia makofi.

Asubuhi, Jumamosi, ndipo nilipoona nilichokifanya. Kadi ya wi-fi haionekani. Printa imechomekwa na taa yake inawaka, lakini kompyuta haijui kama hicho ni kitu gani. Nikafungua Device Manager, nikakuta alama za mshangao za njano zimepangana.

Kwa wale ambao hawajawahi kukutana na jambo hili, nieleze. Kila kifaa ndani ya kompyuta kinahitaji programu ndogo ya kukiunganisha na mfumo endeshi. Inaitwa draiva, na kwa kweli ni dereva hasa. Costa inaweza kuwa na injini nzima na matairi mapya, lakini bila mtu kwenye usukani haitoki stendi. Na dereva huyu amesomea gari moja tu. Draiva iliyoandikwa kwa Windows ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, hata kama printa ni ileile na waya ni uleule.

Printa za bei nafuu zina jambo jingine. Printa kubwa za ofisini zinaelewa zenyewe lugha ya kuchora ukurasa, kwa hiyo draiva ya jumla mara nyingi inatosha. Printa nyingi ndogo za leza zilipunguzwa bei kwa kuondolewa akili hiyo, kazi yote ya kuchora ukurasa inafanywa na kompyuta kupitia draiva yake maalumu. Ukiikosa draiva hiyo, umebaki na sanduku lenye wino.

Sasa angalieni nilivyojifunga kamba. Ili nipate draiva ya wi-fi nahitaji intaneti. Ili nipate intaneti nahitaji draiva ya wi-fi. Kuku na yai.

Saa tatu wateja wakaanza kuingia. Mwalimu mmoja na mtihani wake, akaondoka. Kisha akaja binti kutoka Kiwira, amevaa kanda mbili, bahasha ameifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya manyunyu. Alitaka kuchapisha fomu ya mkopo ili aipeleke kusainiwa serikali ya mtaa. Mama mdogo akamwambia, "Mwanangu, leo mashine inaumwa." Binti akatutazama, akahesabu hela mkononi, akauliza nauli ya kwenda Mbeya mjini ni shilingi ngapi. Wasomaji, niliinamisha kichwa. Mwaka 2018 ningekuwa ni mimi, na mashine ingekuwa imeharibiwa na msomi fulani.

Nikapakua kwa simu programu moja inayojitangaza kwamba inatafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja, nikaihamishia kwenye kompyuta. Msirudie kosa hilo. Haikunipa draiva hata moja. Ilinijazia matangazo na kunidai nilipie. Jumapili nikamfuata fundi mmoja mjini Mbeya. Akaniangalia kwa huruma, akasema: "Kaka, hiyo printa imezeeka. Nunua mpya." Mpya! Mtaji wa mama mdogo ni mkopo wa kikundi cha akina mama, na marejesho ni kila wiki.

Usiku ule nikiwa kwenye kiti cha kibanda, blanketi begani, nikajiuliza swali ambalo mhariri wangu huniuliza kila siku: chanzo chako ni kipi? Nilikuwa natafuta draiva kwa majina ya kubahatisha. Sikuwa nimeiuliza kompyuta yenyewe.

Kumbe kila kifaa kina kitambulisho chake. Ukiingia Device Manager, ukabofya kulia kifaa chenye alama ya njano, ukachagua Properties, kisha Details, kisha Hardware Ids, utaona maandishi kama PCI\VEN_ na tarakimu, halafu DEV_ na tarakimu nyingine. VEN ni mtengenezaji na DEV ni kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, namba waliyoichukua kwenye processor yao maarufu ya zamani. 10EC ni Realtek. Vifaa vya USB vina VID na PID badala yake. Ukiwa na namba hizo hubahatishi tena, ni kama umeshika kitambulisho cha taifa cha mtu badala ya kuulizia "yule mrefu wa Bulyaga".

Na intaneti ya kutafutia? Ilikuwa mfukoni siku zote. Simu ya Android ukiichomeka kwa waya wa USB, ukawasha sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, Windows 10 inaiona kama kadi ya mtandao bila kudai draiva ya nje. Bando langu la simu likawa daraja. Nikaingia kwenye Microsoft Update Catalog, ambako unaweza kutafuta kwa namba ya kifaa, nikaandika namba ya kadi ya wi-fi, draiva ikatokea. Nikaipakua, nikaifungua kwenye folda, nikaielekeza Device Manager kwenye folda hiyo. Alama ya njano ikapotea.

Printa ikabaki. Kwenye tovuti ya mtengenezaji nikaikuta draiva yake, ila ni ya Windows 7, biti 32 peke yake. Hapo nikaelewa kosa langu la kwanza kabisa. Windows 10, tofauti na Windows 11, ilitolewa pia kwa biti 32. Kompyuta ilikuwa na RAM ya GB 4 tu, na biti 32 ingeipunja kidogo, lakini mama mdogo hahariri filamu, anachapisha mitihani. Nikafuta tena, nikaweka Windows 10 ya biti 32, draiva ya wi-fi nayo nikaichukua ya biti 32, kisha ile ya printa ya Windows 7. Saa nane usiku, Jumatatu ikiwa imeshaingia, printa ikakohoa, ikatoa ukurasa wa majaribio. Ukurasa huo ninao mpaka leo.

Asubuhi mama mdogo hakunigombeza. Alisema "ndaga fijo", akaniwekea ndizi na maziwa ya mgando, akafungua dirisha la kibanda. Lakini binti wa Kiwira hakurudi. Natumaini fomu yake ilisainiwa kwa wakati.

Kisa hakikuishia hapo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo ikakoma kupewa masahihisho ya bure ya kawaida. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel processor za kizazi cha nane kuendelea. Mashine ya mama mdogo haimo, wala kompyuta nyingi za mtumba zilizopo kwenye steshenari na shule zetu.

Safari hii sikufuta kitu. Kwanza nilihifadhi draiva. Kwenye Windows 10 unatengeneza folda kwenye flashi, unafungua dirisha la amri kama msimamizi, unaandika dism /online /export-driver /destination:E:\draiva, ambapo E ni herufi ya flashi yako. Draiva zote zilizoongezwa zinanakiliwa humo. Kwa mwenye Windows 7, nakili folda ya C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository. Mimi mwaka 2024 nilihifadhi barua na picha nikasahau madereva.

Pili, nilijaribu kabla ya kuamua. Niliweka Linux Mint kwenye flashi nyingine. Linux inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ukiona wi-fi imekubali, sauti imekubali, printa imekubali, basi endelea. Ukiona imekataa, unazima, unachomoa flashi, na kompyuta yako iko kama ilivyokuwa. Wi-fi ilikubali palepale, maana draiva nyingi za Linux zimo ndani ya mfumo wenyewe. Printa ilihitaji faili moja dogo la ziada, kisha ikachapa. Na hii ni biti 64!

Imewezekanaje, wakati mtengenezaji hakutoa draiva ya biti 64? Watu waliojitolea waliichunguza lugha ya printa za aina hiyo, wakaandika draiva yao na kuuweka msimbo wake wazi. Msimbo ukiwa wazi, yeyote anaweza kuutengeneza upya kwa biti 32, kwa biti 64, au kwa mfumo wa kesho. Msimbo ukiwa umefungwa, uhai wa printa yako uko mikononi mwa mtu aliyekaa mbali, ambaye siku moja anaamua kwamba kifaa chako kimezeeka. Printa ya mama mdogo haikuwa imezeeka. Ilikuwa imeachwa.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, na uliweza kufanya hivyo kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. LibreOffice anayotumia mama mdogo leo kuandikia mitihani ya watu imetokana na OpenOffice hiyohiyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza ni hili. Kabla ya kubadilisha, andika namba za vifaa vyako kwenye karatasi. Hakikisha draiva ya kila kimoja ipo kwa mfumo unaoutaka, kwa biti zilezile. Hifadhi ulizonazo. Jaribu kwa flashi. Baada ya hapo ndipo ufute. Na kama kibanda kina wateja wanaokimbizana na tarehe ya mwisho, subiri dirisha la maombi lifungwe kwanza.

Mama mdogo amebandika kikaratasi ubavuni mwa kompyuta, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Usifute kitu kabla ya kuuliza." Nikienda likizo nakisoma, nacheka, lakini najua ni mimi nimeandikiwa.

Tuonane tena, Mungu akipenda.