Jina la Mwalimu

Katika Kiswahili, jina la kejeli hutembea haraka kuliko waraka wa wizara. Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania Bara aliyefikia umri wa kusoma awe yumo darasani. Mpango ukajulikana kwa herufi tatu za Kiingereza, UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Haukupita muda watu wakazipa herufi hizo tafsiri yao wenyewe: Ualimu Pasipo Elimu. Mpenzi wa ushairi hana budi kukiri kwamba tafsiri hiyo imepangika. Mizani yake ni kumi kamili, na maneno mawili ya pembeni yanaitikiana kwa kina kimoja. Aliyeibuni hajulikani hata leo. Walioibeba walikuwa maelfu kwa maelfu, na wengi wao walikuwa wamemaliza darasa la saba juzi tu.

Mmoja wao alikuwa binti wa mji mdogo wa pwani ya Tanga. Hakupelekwa chuoni. Yeye na wenzake walikusanywa katika kituo cha hapo hapo, wakawa wanafundisha watoto wa madarasa ya chini na huku wakisoma wenyewe, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na msaada wa walimu waliowatangulia. Mara kwa mara alipita mratibu wa MTUU, mpango wa Tanzania uliosaidiwa na UNICEF na UNESCO, akaketi nyuma ya darasa na daftari lake. Mafunzo yalichukua miaka mitatu, kisha zikaja wiki chache za chuoni na mtihani. Kwa njia hiyo walihitimu walimu zaidi ya 35,000.

Haifai kuudharau mpango ule. Kujifunza ualimu mbele ya watoto, mwenye uzoefu akikutazama na kukusahihisha, ni jambo ambalo vyuo vingi vyenye majengo mazuri hulitamani. Kasoro ilikuwa haraka yake, na zaidi ya haraka ni yale yaliyofuata: uchumi ulidorora katika miaka ya 1980, na aghalabu mwalimu aliyeahidiwa kuendelezwa akaachwa na chaki yake na jina lake. Binti yule wa Tanga alisubiri zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2003, akiwa mama wa watoto wanne, aliingia chumba cha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea ili apate njia ya kupanda kutoka Daraja la C hadi Daraja la A. Meza ya mbele yake alikaa kijana aliyemfundisha kusoma.

Wakati huo haraka ilikuwa imerudi. Karo za skuli za msingi zilifutwa, na wanafunzi wa Bara wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.8 mwaka 2001 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Mafunzo ya ualimu yakapangwa upya: mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili kazini. Kisha zikaja shule za kata. Skuli za sekondari, zilizokuwa 1,745 mwaka 2005, zilifika 4,102 mwaka 2009. Mwalimu wa hisabati haokwi kama tofali, kwa hiyo vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya mwezi mmoja wakatumwa madarasani. Watu wakawaita voda fasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu.

Palikuwapo na watu waliosema. Mtandao wa Elimu Tanzania ulikuwapo tangu 1999, na HakiElimu tangu 2001. Matangazo mafupi ya HakiElimu ya redio na televisheni yaliwafikisha wasikilizaji ndani ya darasa ambalo hotuba hazikulifikia. Septemba 2005 wizara ilipiga marufuku shirika hilo kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu skuli, na mvutano ule ulidumu hadi 2007 yalipopatikana maelewano. Hapana shaka ushujaa ulihitajika. Lakini kuna jambo gumu zaidi kuliko kumkabili mkubwa, nalo ni kumtetea mtu bila ya kumdhalilisha. Kudai madawati ni kazi nyepesi kwa ulimi, kwani dawati halioni haya likiambiwa limevunjika. Anayedai elimu ya mwalimu analazimika kutamka kwamba mwalimu hajui, na anayesikia mwanzo ni mwalimu mwenyewe, kisha mzazi, kisha mtoto.

Jambo hilo lilijitokeza katika kikao kimoja mwaka 2008, katika mji ule ule wa pwani ya Tanga. Vijana wa kikundi cha elimu walikuwa wamewaita walimu, wazazi na madiwani wawili ili waandae waraka kwa halmashauri, kuomba fedha za mafunzo kazini kwa walimu wapya. Kijana aliyeuandika aliusoma kwa sauti nzuri. Uliwataja walimu wasio na sifa, ukaendelea kueleza madhara yao. Mwalimu yule mkongwe akanyoosha mkono.

“Mwanangu, huo waraka unamshitaki nani?”

“Shikamoo, mwalimu. Unaishitaki sera.”

“Marahaba. Mbona basi sera haikutajwa mpaka ukurasa wa pili, na mimi nimo katika mstari wa kwanza?”

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Akaomba aya ya mwanzo iandikwe upya. Pasiandikwe kwamba walimu hawana sifa. Yaandikwe wasiyopewa: siku ngapi walifundishwa kabla ya kupangiwa kazi, vitabu vingapi walikabidhiwa, mara ngapi mtu alikuja kuwatazama wakifundisha. Jioni nzima ilikwisha kwa kuhesabu, na hesabu zilikuwa kali kuliko tusi lolote. Diwani mmoja, aliyekuja kwa adabu tu, aliomba nakala mbili. Halmashauri haikutoa yote yaliyoombwa. Ilitoa fedha za kukutana katika kituo cha walimu Jumamosi mbili kila mwezi, kwa mihula miwili, kisha fedha zikakatika.

Visiwani hapana sababu ya kuwacheka wa Bara. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mwalimu aliyekuwa bingwa wa sehemu na desimali kwa Kiswahili akajikuta amekuwa mgeni katika somo lake.

Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri, yalizua kilio cha nchi nzima na tume ya Waziri Mkuu. Mgomo wa walimu wa Julai mwaka huo huo ulikuwa umedai mishahara na posho, madai ya haki kabisa. Kuhusu mafunzo sauti ilikuwa ndogo.

Kisha mwaka 2016 likaja jina la tatu. Wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma, waliochukuliwa baada ya kidato cha nne, waliamriwa waondoke chuoni mwishoni mwa Mei. Siku chache baadaye neno vilaza likatoka katika hotuba ya Rais na kuenea mitaani. Safari hii kejeli ilishuka kutoka juu.

Mmoja wa vijana hao alirudi na begi lake katika mji ule wa Tanga, akajifungia ndani. Mwalimu mkongwe, aliyebakisha miaka mitatu astaafu, alimtumia salamu kwa mama yake. Skuli zilipofunguliwa Julai alimkalisha nyuma ya darasa la tano na daftari, kama alivyokuwa akikaa mratibu wa MTUU, isipokuwa safari hii mtazamaji ndiye aliyekuwa akijifunza. Wiki ya pili akampa chaki, naye akaenda kukaa nyuma.

Baadhi ya wanafunzi wale walirudishwa Dodoma, na wengi wakapelekwa katika vyuo vya ualimu vya Serikali. Kijana alipopata habari kwamba naye amepangiwa chuo, bibi yule alikusanya maandalio yake ya masomo ya hisabati ya mwaka mzima, akayafunga ndani ya gazeti, akamsindikiza hadi kituo cha basi.