Nadra kwa Asiyepasua Bua

Nyigu ninaowashughulikia hawamdungi mtu. Ni weusi, urefu wao milimita mbili au tatu, na wakitua mkononi utadhani ni chembe za masizi. Jike hupenya kwenye tundu lililochimbwa na funza wa mabua, akamfikia humo ndani na kumtia mayai mwilini. Funza huendelea kula mahindi huku naye akinyonywa. Baada ya wiki mbili hivi, mabuu kwa makumi hutoboa ngozi yake, hujisokotea vifukofuko vyeupe, na funza hufa. Hao ndio nyigu wa jenasi Cotesia, familia ya Braconidae.

Kazi yangu ni kuwaainisha. Tunapasua mabua, tunalea kila funza peke yake, na nyigu wakitoka tunawahifadhi kwenye ethanoli kabla ya kuwaweka chini ya hadubini. Kwa kundi la flavipes, yaani Cotesia hawa wa funza wa mabua, rangi na mishipa ya mabawa havitoshi kuwatenganisha. Sharti uchambue viungo vya uzazi vya dume, na siku hizi vinasaba pia. Hata hivyo, jina sahihi halimalizi maswali yote.

Chukua Cotesia sesamiae, nyigu wa asili wa Afrika. Huku Kenya yuko pwani, na yuko Kitale. Chini ya hadubini ni yule yule. Lakini ukimpa wa Mombasa funza wa Busseola fusca, msumbufu mkuu wa mahindi ya nyanda za juu, mayai yake huzingirwa na chembe za kinga za funza na kufa. Wa Kitale hufaulu. Siri moja iko kwenye virusi ambavyo jike huviingiza pamoja na mayai ili kuizima kinga ya funza, na aina hizi mbili hutofautiana katika jeni moja ya virusi hivyo, iitwayo CrV1. Kwa hiyo lebo inayosema tu “Cotesia sesamiae, Kenya” haimsaidii mkulima wa Kitale wala wa Kilifi.

Ndugu yake, Cotesia flavipes, ni mgeni. Aliletwa kutoka Asia na kuachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993, amfuate Chilo partellus, funza ambaye naye asili yake ni Asia. Leo ukiokota vifukofuko katika shamba la pwani, huwezi kujua kwa kutazama tu kama ni vya mgeni au vya mwenye nyumba.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Cotesia typhae. Kwa miaka mingi nyigu huyu alihesabiwa kuwa Cotesia sesamiae. Watafiti walipoacha mashamba ya mahindi wakaenda kwenye vinamasi na kupasua mashina ya Typha, mmea wa majini unaofanana na matete, walimkuta ndani ya funza wa Sesamia nonagrioides. Vinasaba vyake vilikuwa na njia yao, na mwaka 2017 akapewa jina lake mwenyewe, kutokana na mmea huo. Funza huyo huyo huharibu mahindi kusini mwa Ulaya, ndiyo maana watafiti wa Ufaransa wanamchunguza nyigu wa vinamasi vya Kenya kama silaha yao.

Ndiyo maana neno “nadra” ninalitumia kwa tahadhari. Nyigu wengi wanaoitwa hivyo wanajulikana kwa vielelezo vichache, na vingi vimetoka karibu na barabara, karibu na kituo cha utafiti, au kwenye zao lenye fedha. Ramani ya namna hiyo huonyesha kwanza mahali watu walipotafuta. Mtego wa Malaise, lile hema la wavu, hunasa nyigu wengi wanaoruka, lakini haukwambii kila mmoja alitoka kwa funza gani wala katika mmea upi.

Kwa hiyo anayeniletea kielelezo nitamwomba mambo manne: mahali, tarehe, mmea na funza aliyemtoa. Nikipata nyigu mzuri asiye na maelezo hayo, nitampa jina na kumweka kabatini. Nikiyapata yote, naweza kumshauri bwana shamba ni nyigu yupi amwachilie Kitale, na ni yupi abaki pwani.