Kambale wa Bonde la Tug

Samaki apendwaye sana kusini mwa Marekani ni kambale, ndugu wa huyu wetu mwenye ndevu na ngozi isiyo magamba, ambaye katika baadhi ya vijiji vya Uganda wapo watu wasiokubali hata kumwonja. Huko huchunwa, hukatwa vipande, hulazwa katika maziwa ya mgando, kisha huvingirishwa katika unga wa mahindi uliotiwa chumvi na pilipili na kutumbukizwa katika mafuta yanayochemka. Huandaliwa pamoja na kabichi mbichi iliyokatwa-katwa na vibumunda vya unga huo huo, ambavyo jina lake la Kiingereza lina maana ya "nyamazeni, vijibwa". Hadithi zisimuliwazo juu ya asili ya jina hilo ni nyingi mno hata siwezi kuiamini moja. Lakini jambo moja halina shaka: katika nyumba nyingi za mabwana wa kusini waliosimama jikoni walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa, na mkono wao ungali ukionekana katika mapishi hayo.

Mwaka 2017 nilikaa Kentucky miezi tisa, nikisaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja. Bibi mmoja mjane aliyenipangisha chumba alikuwa na asili ya milimani, upande wa Pike County, na kila Ijumaa alikaanga samaki katika kikaango kizito cha chuma alichorithi kwa nyanya yake. Yeye alitumia mafuta ya mimea. Nyanya yake, alinieleza, alitumia mafuta ya nguruwe, kwa kuwa mengine hayakuwapo. Nguruwe aliachwa huru msituni ajitafutie chakula, akatiwa alama masikioni ili mwenyewe amtambue, na majira ya baridi yalipokaribia akachinjwa. Huyo ndiye aliyekuwa nyama ya miezi mitatu na mafuta ya mwaka mzima.

Ndugu msomaji, niliyasikiliza maelezo hayo kwa makini kwa sababu yalinifumbulia fumbo. Uhasama wa koo za Hatfield na McCoy, uliomwaga damu katika bonde la mto Tug Fork, mpakani mwa Kentucky na West Virginia, husimuliwa kuwa ulianza kwa sababu ya nguruwe mmoja, na wasimuliaji hucheka. Mwaka 1878 Randolph McCoy alimshtaki Floyd Hatfield kwamba amemwibia nguruwe, na alama za masikioni ndizo zilizobishaniwa. Wazee wa baraza walikuwa sita wa ukoo huu na sita wa ukoo ule. McCoy mmoja, Selkirk, akawaunga mkono akina Hatfield, na kesi ikaenda upande wao. Anayejua kikaango kilitegemea nini hawezi kucheka.

Hata hivyo nguruwe hakuwa mwanzo. Tangu Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, Asa Harmon McCoy, aliyekuwa askari wa jeshi la Kaskazini, alikuwa ameuawa, na lawama ikawaangukia wapiganaji wa William Anderson Hatfield, aliyejulikana kwa jina la Devil Anse. Tarehe 7 Agosti 1882, siku ya uchaguzi, vijana watatu wa Randolph McCoy walimchoma visu na kumpiga risasi Ellison, nduguye Devil Anse. Alipokata roho, watatu hao walifungwa kwenye miti iitwayo pawpaw wakapigwa risasi. (Walimu wenzangu wanaofasiri wajihadhari: mti huo si mpapai, bali ni jamaa ya mstafeli.) Usiku wa kuamkia mwaka 1888 nyumba ya Randolph ilichomwa moto, na watoto wake wawili, Alifair na Calvin, wakauawa. Mapenzi ya Johnse Hatfield na Roseanna McCoy nayaacha; watengenezaji wa filamu wamekwisha kuyashiba.

Nilipomwuliza yule bibi chanzo chake hasa, hakutaja nguruwe wala mapenzi. Alisema neno moja: miti. Baadaye nilikisoma kitabu cha mwanahistoria Altina Waller, kilichotoka mwaka 1988, nikakuta hoja iyo hiyo. Mnamo mwaka 1877 Devil Anse alikuwa amejipatia kwa njia ya mahakama ekari 5,000 za msitu zilizokuwa za Perry Cline, jamaa wa akina McCoy kwa upande wa ndoa. Cline akahamia Pikeville, akawa wakili, na miaka kumi baadaye ndiye aliyemhimiza gavana wa Kentucky azifufue hati za kuwakamata akina Hatfield, wakati ambapo kwa miaka mitano bonde lilikuwa limetulia kiasi. Reli ilikuwa inakuja, na chini ya msitu ule kulikuwa na makaa ya mawe. Mwaka 1888 Devil Anse akauza ardhi ile.

Mwaka uliofuata mwandishi wa gazeti la New York, T. C. Crawford, alichapisha kitabu ambacho kichwa chake kilitangaza kuwa hiyo ni habari ya ushenzi ndani ya Marekani. Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani tunalijua vizuri neno hilo, maana liliwahi kuwa jina la babu zetu. Mtu akiisha kuitwa mshenzi, haulizwi tena shamba lake limekwenda wapi. Ugomvi wake unakuwa tabia yake, kama rangi ya ngozi. Ndiyo maana sipendi kufasiri jambo lile kwa neno "kisasi" pekee. Kisasi chataja malipo tu, hakitaji deni.

Lilinigusa pia kwa sababu ya nyumbani. Baba yangu na mdogo wake waliishi wakipakana zaidi ya miaka ishirini pasipo kuamkiana, na sisi watoto tulikatazwa kula huko, ingawa harufu ya ngege wao wa kukaanga ilivuka ua bila ruhusa. Sababu tuliyopewa ilikuwa mbuzi aliyekula mihogo.

Vizazi vya Hatfield na McCoy vilitia sahihi mkataba wa amani huko Pikeville mwaka 2003. Yule bibi, ambaye damu yake ni ya koo zote mbili, aliucheka: kwao, alisema, walikwisha kuoana siku nyingi.

Niliporudi nilikwenda kwa baba mdogo. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nilimwuliza habari ya mbuzi, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama niliona ile mikaratusi iliyo kati ya mashamba mawili, na kama nilijua ni nani aliyeipanda.