Nauliza tu, sijahama

Mama yangu tayari anajua, kwa hivyo sasa naweza kuongea.

Tangu Januari nimekuwa nikienda misa. Jumapili, misa ya kwanza, ile ya asubuhi penye hata watoto bado wanasinzia. Nikitoka hapo napanda matatu naenda kwetu PCEA, naketi mahali pangu, naimba kama kawaida. Kwa hivyo kabla mtu aanze kunipigia makofi ama kunililia: sijahama. Niko na maswali.

Na leo siji kubishana kuhusu Mariamu. Kuna kitu imenisumbua kuliko Mariamu. Ukiwa na maswali ya imani, unamuuliza nani? Juu majibu Nairobi hii ni mengi kuliko vibanda vya M-Pesa. Mwenye ni ngumu kupata ni mtu wa kukujibu bila kutaka kukushinda.

Wacha nieleze venye ilianza. Baba alifariki 2021. Tulimzika vizuri. Mchungaji alihubiri, akina mama wa Guild wakaimba, tukamshukuru Mungu kwa maisha yake. Halafu ikaisha. Matanga ikiisha kwetu, jina la marehemu halirudi tena kwa ibada ya Jumapili, na sikuwahi kuona hiyo kama shida. Sasa mwaka jana, mwezi wa Novemba, beste yangu Mkatoliki akaniomba nimsindikize misa ya kumwombea shosho yake. Novemba kwao ni mwezi wa kuombea marehemu. Padre akasoma majina. Mengi. Watu wengine walikufa kitambo sana na bado wanatajwa, kama wanafunzi wenye hawajawahi kutolewa kwa rejista. Nikajipata nasema jina la baba kimoyomoyo.

Nikaenda nyumbani nikijiuliza: hiyo nimefanya inaruhusiwa? Na kama inaruhusiwa, mbona hakuna mtu aliniambia?

Kwanza niliuliza upande wetu. Kiongozi mmoja wa vijana akaniambia, "Hao huabudu sanamu, achana nao." Ilichukua sekunde nne. Hata hakuniuliza ni nini imenifanya niulize. Nikamrudia beste yangu. Yeye alikuwa mkweli: "Manze hata mimi sijui, hayo mambo tulifunzwa tukijiandaa kwa kipaimara, nikasahau." Namheshimu kwa hiyo.

Halafu nikaingia kwa video za mijadala. Bando ikaisha. Kila mtu huko amemmaliza mwenzake, amemzika, amemwekea na msalaba. Nilitoka nikijua matusi mapya ya pande zote mbili, na swali langu bado liko pale pale.

Kisha nikapata Mkatoliki mmoja moto sana. Sijamaliza sentensi, ameshaniuliza nitaanza mafundisho lini. Ni kama wale wanauza ploti Kitengela: hujauliza maji iko wapi na ameshaanza kukuandikia risiti.

Mwenye alinisaidia ni mama mmoja wa ploti yetu. Jumuiya yao hukutana kwake kila wiki. Ni watu kumi hivi, viti vya plastiki, wanasoma Injili ya Jumapili inayokuja, wanajua nani amelazwa na nani hajalipa rodi. Akanipeleka kwa katekista wao, mzee mmoja mpole mwenye kila mtu humwita Mwalimu.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi si Mkatoliki na sijui kama nitawahi kuwa."

"Hiyo haina shida, mami. Uliza."

Nikauliza mbili, akajibu. La tatu nikamuuliza mbona wanafundisha Mariamu alichukuliwa mbinguni mwili na roho, na sijaiona kwa Bibilia. Akanyamaza. Akasema, "Hiyo naiamini, lakini nikikueleza vibaya nitakuharibia. Nipe hadi Alhamisi nisome." Wasee, ni hapo nilianza kumwamini. Alhamisi alikuja na daftari. Akanieleza kwamba ilitangazwa rasmi na Papa Pius wa 12 mwaka wa 1950, lakini Wakristo walikuwa wameisherehekea zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hapo. Bado sijashawishika, na nilimwambia hivyo. Akacheka, akaniongezea chai.

Sasa ngoja niwape vitu nimejifunza, juu najua kuna mtu anasoma hii na ako na maswali kama yangu.

Moja: ukiwa umebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, Wakatoliki hawakubatizi tena. Wanautambua huo ubatizo. Ukiamua kuingia, unafundishwa, unakiri imani, unapewa kipaimara na komunyo, mara nyingi ule usiku wa kuamkia Pasaka. Mimi nilibatizwa nikiwa mtoto pale kwetu, na nilifurahi kujua hakuna mtu anasema ile siku ilikuwa bure.

Mbili: Bibilia yao ina vitabu 73, yetu 66. Nilikuwa naambiwa waliongeza. Wao wanasema sisi ndio tulitoa. Ukweli ni mrefu kuliko hizo sentensi mbili. Vitabu kama Tobiti, Yuditi na Wamakabayo vilisomwa na Wakristo kwa karne nyingi, lakini hata wakati huo kulikuwa na wasomi kama Yeronimo wenye walivitilia shaka juu havikuwa kwa orodha ya Kiebrania. Luther aliviweka sehemu ya kando kwa Bibilia yake ya 1534, hakuvitupa. Trento ikavithibitisha kwa Wakatoliki 1546. Hata Bibilia ya King James ya 1611 ilichapwa navyo. Kitu ilinishtua ni mwaka wa 1826, wakati chama kikubwa cha Bibilia cha Uingereza kiliamua kutogharamia Bibilia zenye hivyo vitabu. Sasa fikiria ni Bibilia gani wamisionari wengi wa Kiprotestanti walikuja nayo huku.

Tatu, ile yangu: toharani. Mwalimu alinifungulia Wamakabayo wa Pili sura ya 12, penye Yuda anachanga pesa ya sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa. Akaniambia toharani si jehanamu ndogo. Kulingana na wao, mwenye ako huko ameshaokoka, anasafishwa tu kabla ya kuingia, na maombi yetu yanamsaidia.

Nilikuwa nimetosheka karibu. Lakini nikajiuliza: nimewauliza Wakatoliki kuhusu Ukatoliki. Waprotestanti nimewauliza nini? Nimewauliza kuhusu Ukatoliki pia! Sijawahi kuuliza nyumba yangu kuhusu nyumba yangu.

Hapo ndipo nilimwendea mchungaji wetu. Niliogopa, nawaambia. Nilitarajia kuitwa kwa kikao cha wazee. Yeye akaweka simu yake uso chini akaniuliza, "Ni baba, ama?" Nikalia kidogo. Akanieleza mbona sisi hatuombei marehemu, na haikuwa kwa sababu tumewasahau. Alisema kazi ya Kristo ilimaliza deni lote, kwa hivyo mwenye alikufa ndani yake ameshafika mikononi mwa Mungu, hakuna kilichobaki cha kuongezewa. Ukimya wetu baada ya matanga, kwake yeye, ni imani. Miaka hiyo yote nilikuwa nimeuona kama baridi.

Na akaniambia kitu sikuwa najua. Mwaka wa 1999 Wakatoliki na Walutheri waliweka sahihi Tamko la Pamoja kuhusu mtu anavyohesabiwa haki mbele za Mungu, ile hoja kubwa ya wakati wa Luther. Wamethodisti wakajiunga 2006. Na 2017 muungano wa dunia wa makanisa ya Matengenezo, familia yenye PCEA iko ndani, ukajiunga pia. Haimaanishi tofauti zimeisha. Lakini wale wanapigana kwa video na wale wanaketi mezani ni kama wako kwa dini mbili tofauti.

Ndio maana maoni yangu leo ni haya: swali la Wakatoliki muulize Mkatoliki mwenye anaamini, na swali la Waprotestanti muulize Mprotestanti mwenye anaamini. Ukitaka kujua ladha ya chapati ya jirani, usimuulize mwenye kugombana na huyo jirani. Na chagua mtu mwenye anaweza kusema "sijui, nipe hadi Alhamisi." Mwenye hana hata swali moja limemshinda, huyo anakuuzia kitu.

Bado niko na mambo yananikwama upande ule. Kwetu wanawake wanawekewa mikono kuwa wachungaji. Shangazi yangu ni mzee wa kanisa, na akiomba hata mbwa wa mtaa hunyamaza. Kule hawezi kuwa padre, na majibu nimepewa mpaka sasa nimeyaelewa, lakini hayajanituliza. Pia kuna ile dakika ya komunyo. Watu wanapanga foleni, mimi nabaki kwa kiti navuta miguu wapite. Mwalimu alinieleza kwamba kwao kupokea ni kusema unaamini yote na uko ndani, kwa hivyo kunipa sasa ingekuwa ni kunifanya niseme kitu sijasema. Inaeleweka. Inauma pia.

Sasa mama.

Mnajua nilitoka chuo mwaka wa pili, hiyo nimeshaiongelea hapa hadi mkachoka. Nilipomwambia mama kuhusu misa, alimaliza kukunja nguo kwanza. Halafu akasema, "Kwanza chuo, sasa kanisa. Kuna kitu wewe hauwezi kuacha?" Halafu akaongeza, polepole, "Kwa hivyo hao watu wanasema baba yako ako motoni?"

Ningekuwa na majibu ya zile video, ningeshinda hiyo mjadala na nipoteze mama. Nilimwambia hapana, hawasemi hivyo, nikamweleza venye Mwalimu alinieleza. Nikamweleza pia venye mchungaji alinieleza. Aliskiza yote. Akauliza swali moja tu: "Na siku yangu ikifika, wewe utakaa upande gani wa hema?"

Nilimjibu kwamba nitakaa mbele, na nitaimba, hata nikiwa nimeenda wapi. Hiyo hata Mwalimu alinihakikishia, hakuna sheria ya kumzuia Mkatoliki kumzika mama yake PCEA. Mama hakusema kitu. Lakini Jumapili iliyofuata aliniamsha mapema, akasema nitachelewa misa.

Kitu kimoja cha mwisho kwa wale wanadhani hizi nyumba mbili haziwezi kuwa na damu moja. Kila mwaka Wakenya wengi huenda Namugongo, wengine kwa miguu, kwa sikukuu ya Juni 3. Mama wa ploti yetu ameenda mara mbili. Mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887 ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Siku ile ya 1886 pale Namugongo walichomwa pamoja. Kabaka Mwanga hakuwauliza Bibilia yao ina vitabu vingapi.

Kwa hivyo bado natafuta watu. Kama wewe ni Mkatoliki na unajua imani yako, nikujie na daftari. Kama ulikuwa Mkatoliki ukatoka, na unaweza kuongea bila matusi, wewe pia nakuhitaji. Kama wewe ni wa kwetu na umesoma Calvin kuliko nimesoma, tafadhali nisaidie, juu sitaki nihame kwa sababu upande wetu haukujitetea. Sina haraka. Pasaka inakuja kila mwaka.

Chai ni juu yangu. Mandazi ujinunulie.