Trei Mbili kutoka Ikungi

Mayai ya kwanza niliyomlalishia kuku wangu niliyanunua dukani kwa Mangi. Nina uwanja mdogo Chanika, na mitetea wanne nilioachiwa na mpangaji aliyehama. Mmoja alikuwa amelala siku ya tano juu ya sakafu tupu, akitutumua manyoya na kunidonoa kila nikipita. Nikamhurumia, nikamletea mayai 10. Siku 21 zikapita, ya 25 ikapita, kuku wa watu akakonda hadi kifua kikawa kama kisu. Nilipolipasua la kwanza, dada jirani alisikia harufu akiwa upande wake wa ukuta.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hayo mayai yanatoka kwenye mabanda ya kuku wa mayai. Wale hawajawahi hata kumsikia jogoo. Ukitaka mayai yenye mbegu nenda kwa mama, Ikungi."

Yeye ni mwenyeji wa Singida, na kwa watu wa Dar es Salaam, ukitaja kuku wa kienyeji umetaja Singida. Sikuwahi kufika. Mimi mtu wa Kibiti, kwa bara nilikuwa nimeishia Morogoro, tena msibani. Nikafunga safari.

Kwenda kulikuwa kwepesi kupita kiasi. Nilipanda treni ya SGR asubuhi na mkoba mmoja na ndoo tupu mbili. Pugu, Soga na Ruvu zilipita nikiwa bado natafuta pa kuweka ndoo. Baada ya Morogoro milima ikaanza kusogea. Maeneo ya Kilosa tukawa tunaingia kwenye mahandaki na kutoka, mtoto aliyekaa mbele yangu akipiga makofi kila mwanga uliporudi. Kisha ardhi ikakauka, mibuyu ikaanza, na kabla ya saa sita nilikuwa Dodoma. Basi la kwenda Singida lilipita Bahi na Manyoni. Sina mengi ya kusema juu ya saa zile, nililala. Nilichokiona nilipozinduka ni mawe: mawe makubwa ya kijivu yaliyopandana kama mtu aliyapanga akaghairi, na kando ya barabara meza za mafuta ya alizeti kwenye chupa za maji, yakimetameta juani.

Ikungi kuna upepo. Mama alinipokea mlangoni akiwa amejifunga kanga mbili kwa baridi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama ndoo zangu.

"Hizo za nini, mwanangu?"

"Za mayai, mama."

"Ndoo!" Alizichukua, akazipeleka jikoni, na sikuziona tena mpaka naondoka. Moja ilikuwa na maji, nyingine pumba.

Nilidhani nitalala siku moja. Nilikaa nne, kwa sababu mama hakuwa na mayai 40 ya kunipa kwa mkupuo, na ya zamani alikataa kuniuzia. Yai la kutotolesha likipita siku 7 linaanza kuzeeka, alisema, na la wiki mbili ni la kukaanga tu. Kwake mayai hukaa kwenye chungu kilichofukiwa nusu ardhini, pembe ya giza kabisa ya nyumba, yakiwa yamesimamishwa kwenye pumba, ncha kali chini. Nilimuuliza kwa nini asiyatupe tu humo kama tunavyofanya sisi. Akachukua moja akalimulika kwa tochi ya simu yangu: upande butu kuna kijichumba cha hewa. Kifaranga, siku mbili kabla ya kutoka, anatoboa humo kwanza apate kupumua. Ukiliweka kichwa chini, mtoto anageuka vibaya na kufia mlangoni.

Hayaoshwi pia. Mimi nilishaanza kulifuta moja kwa kitambaa chenye maji, nikapigwa kofi la mkono. Ganda lina utando mwembamba unaoziba vitundu vyake. Ukiuondoa umefungulia uchafu mlango. Lenye kinyesi linaachwa liliwe.

Kuku wenyewe sikuchoka kuwatazama. Walikuwapo kishingo, wale wa shingo tupu wasiosumbuliwa na joto. Kulikuwa na njachama mmoja mwenye manyoya yaliyogeuka nje kama aliyetoka kwenye kimbunga. Na kuchi, warefu, miguu minene, wenye sura ya kuku wa kupigana. Jogoo alikuwa mmoja kwa mitetea tisa. Yeye hakuzaliwa pale. Kila mwaka na nusu hivi mama hubadilishana jogoo na kijiji kingine, maana jogoo akikaa sana anaanza kupanda binti zake, na baada ya vizazi viwili mayai hayatotoi vizuri na vifaranga wanatoka dhaifu. Alizungumza habari hiyo kwa uzito uleule ambao mashangazi zangu huutumia kuulizia ukoo wa mchumba.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni ujanja wa kulalisha. Kuku watatu walikuwa wamejitenga kila mmoja kwenye kiota chake cha majani makavu, chini kumenyunyizwa majivu na tumbaku kufukuza utitiri. Wa kwanza alikuwa na mayai mawili tu ya kumdanganya. Alianza kulala siku sita kabla ya wenzake, na mama alikuwa anamchelewesha ili wamfikie. Usiku wa tatu wa ukaaji wangu, gizani ili wasihamaki, yale ya uongo yaliondolewa na kila kuku akapewa mayai 12 mapya. Watatotoa siku moja. Vifaranga wote watapewa mama mmoja mwenye moyo, na wale wawili wengine watarudi kwa jogoo, waanze kutaga upya mapema. Nina cheti cha utunzaji wa ghala, miaka 11 ya kupanga zamu za watu. Sikuwahi kupanga kitu kizuri kama kile.

Asubuhi ya kuondoka nilikabidhiwa mayai 40 kutoka nyumba tatu, kwa mama, kwa shemeji yake na kwa jirani, kila nyumba na alama yake ya mkaa: mstari mmoja, miwili, msalaba. "Usichanganye koo," alinionya. Tuliyapanga kwenye trei mbili, ya kwanza 30, tukazifunga kwa kanga ndani ya boksi.

Safari ya kurudi sikusafiri mimi. Yalisafiri mayai, nami nikawa mtumishi wao. Bodaboda aliambiwa aende mwendo wa bibi harusi, na bado moja lilipasuka kwenye tuta la kwanza. Kondakta alitaka boksi liende kwenye buti. Buti la basi mchana wa Manyoni ni tanuri, na yai likipata joto linalozidi nyuzi 27 hivi mbegu yake huanza kuamka. Ikiamka njiani kisha ikapoa, inaweza kufa. Nikalipakata. Magoti yalikufa ganzi kabla ya Bahi. Abiria wa pembeni aliniuliza kama ni keki ya harusi, nikamwambia ndiyo, ili asiniombe nimuuzie. Ndani ya treni, kile kiyoyozi nilichokilalamikia wakati wa kwenda nilikiona malaika.

Nyumbani sikuyagusa kwa saa 24. Yai lililotikiswa linahitaji kutulia, hewa yake irudi mahali pake. Usiku wa pili nilikuta jingine lina ufa mwembamba. Yakabaki 38: 12 nikampa yule mtetea mwekundu niliyemdhulumu, aliyekuwa amelala tena, na 26 nikayaingiza kwenye mashine ndogo ya kuazima.

Mashine ilinifundisha kumheshimu kuku. Joto nyuzi 37.5, bakuli la maji lisikauke, kugeuza mayai mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, kisha kuacha kabisa na kuongeza unyevu. Siku ya 12 umeme ulikatika saa tatu, nikaifunika mashine kwa blanketi na kukaa nayo kama mgonjwa. Mwekundu, upande wake, alitoka mara moja kwa siku, akala, akanywa, akaoga vumbi dakika kama 20, akarudi. Siku ya 7 niliyamulika: yaliyo hai yalikuwa na mishipa iliyotanda kama buibui mwekundu. Kwenye mashine matano yalikuwa meupe, kwa kuku moja.

Usiku wa 20 nilisikia sauti ndani ya maganda. Mwekundu alikuwa anaijibu, kwa mlio wa chini ambao sikuwahi kuusikia kwake. Kufikia jioni iliyofuata alikuwa na vifaranga 10, na mashine ikanipa 14, wenye ule ukucha mdogo juu ya mdomo waliotobolea ganda.

Nikapiga simu ya video Ikungi. Mama alitaka nimwonyeshe mmoja mmoja, akatambua kishingo wawili na kumsifu kuchi mmoja kwa miguu. Akanikumbusha chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, na kila miezi 3 tena. Kisha akauliza:

"Hawa wa kwangu ni wapi, na wa jirani ni wapi?"

Nilitazama beseni. Vifaranga 24 wanalia, na pembeni rundo la maganda yenye mstari mmoja, miwili, misalaba, niliyoyakusanya bila kufikiri. Alama zote zilikuwa pale, nadhifu, juu ya maganda.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi jogoo uje uchukue nyumba nyingine. Na safari hii njoo na tenga."