Mawe ya Msingi

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Shambani mwa babu, nje ya mji wa Nakuru, palikuwapo rundo la mawe ambalo wenye trekta walilikwepa miaka nenda miaka rudi. Nilipokuwa darasa la sita, tulijenga jiko jipya. Fundi alihitaji mawe ya msingi, nami nikatumwa na toroli. Siku tatu niliyabeba huku nikiimba. Chini yake tulikuta vipande vya mifupa na bakuli la jiwe lililovunjika. Fundi alivifukia, kazi ikaendelea.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, tulizuru Hyrax Hill, kilima kilichopewa jina la pimbi, karibu na mji huo huo wa Nakuru. Hapo, mnamo 1937 na 1938, Mary Leakey alifukua makaburi ya Zama Mpya za Mawe yaliyofunikwa kwa rundo la mawe. Wanawake walizikwa pamoja na vyombo vya mawe, wanaume hawakuwekewa. Mwaka wa 1943 mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Tulipoonyeshwa vyombo vile, mate yalinikauka kinywani.

Je, ni nani aliyelala shambani mwetu? Sitajua kamwe. Kaburi la kale ni matini, ndugu msomaji. Maana yake imo katika mpangilio: mfupa huu kando ya chombo hiki, chini ya jiwe hili. Ukishayatawanya maneno, hakuna kamusi itakayokurudishia sentensi.

Naam, ipo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka wa 2006, inayomtaka agunduaye mabaki kama hayo aiarifu Makumbusho ya Taifa. Lakini sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Asiyejua maana haambiwi maana, husema methali; mimi naona yeye ndiye wa kuambiwa kwanza, na kazi hiyo ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Likizo iliyopita nilimweleza babu yote. Alinyamaza kitambo, kisha akanishika mkono hadi ukingoni mwa shamba, penye rundo la pili, dogo, lililomezwa na nyasi.

"Mjukuu wangu," akasema, "waandikie hao watu wa makumbusho. Nami nitatia sahihi."

Tuliiandika barua jioni ile, jikoni, kwa Kiswahili.